Geuka, Nikufungue Aproni

Wiki iliyopita nilikuwa kwa msusi. Dada mmoja aliyekaa kiti cha pili alikuwa anasoma gazeti hili hili, ukurasa huu huu. Akasonya. "Huyu mama angekuwa mama mkwe wangu ningehama mtaa," akasema. Msusi akacheka mpaka akanivuta nywele.

Kichwa changu kilikuwa mikononi mwa mtu, ningekimbilia wapi?

Dada yangu, popote ulipo, huyo mama ni mimi. Na leo ndiyo utanisonya vizuri.

Kwa ambaye gazeti lake la wiki ile liliishia kufungia viatu, nitasema kwa kifupi. Mimi nina kiwanda cha kufua. Tunafua shuka za hoteli na za hospitali, mchana kutwa mvuke na povu, ndiyo maana wananiita Mama Povu. Mdogo wangu wa kiume ndiye dereva wa gari la kupeleka nguo. Mke wake, wifi yangu, alikuwa fundi wa pasi, ile pasi kubwa ya mtambo inayomeza shuka upande huu na kulitoa upande ule limenyooka. Nilianza naye tukiwa na beseni na kamba ya kuanikia, hatuna hata kibanda.

Kiwandani kwangu hakuna mkataba wa karatasi. Kuna aproni. Nikikuajiri, nakufunga aproni kwa mikono yangu mwenyewe, fundo mgongoni. Siku nikikuchoka, sigombi wala sifoki. Nasema neno moja tu: "Geuka." Unageuka, nafungua fundo, unakwenda zako. Wafanyakazi wangu wanaliogopa neno hilo kuliko wanavyoiogopa pasi yenyewe.

Wifi aliposhika mimba, na tumbo likaanza kumtangulia mlangoni, nilimwambia, "Wifi, joto hili si la mtu wa hali yako. Nenda kapumzike, nitakuita." Kisha nikasema geuka. Aproni ile ile ya turubai, yenye mfuko alioushona upya kwa uzi mwekundu baada ya kuchanwa na mashine, nikamfunga binti yangu siku hiyo hiyo.

Wifi akajifungua. Sikumwita. Akaja mwenyewe na mtoto mgongoni, akakuta nafasi yake imeshikwa na binti yangu. Nikamwambia nafasi imejaa. Hakunijibu hata neno. Wiki ile niliwaacha, wasomaji wangu, pale mdogo wangu alipoingia ofisini kwangu akaniwekea mezani vitu viwili: wito wa kwenda ofisi ya kazi, ambako mke wake alikuwa amenishitaki, na ufunguo wa gari langu.

"Dada," akasema, "tafuta dereva."

Akaondoka. Mlango hakuupiga. Afadhali angeupiga.

Nikampigia Muuza Sabuni.

Huyu bwana ananiuzia sabuni na dawa ya kung'arisha nguo, lakini kazi yake hasa ni kushauri. Wenye biashara mtaa mzima anatushauri bure. Sheria amejifunza kwa kushitakiwa. Hata hilo la "kapumzike" ndiye aliyenifundisha. "Usimfukuze mtu, Mama Povu," aliniambia zamani. "Mwambie akapumzike. Mtu aliyepumzika hajafukuzwa."

Akaja mbio, hajafuta hata poda ya sabuni kwenye viatu.

"Kaa chini, usitetemeke. Karatasi aliyosaini ya kazi iko wapi?"

"Hakuna."

"Barua ya kumfukuza?"

"Hakuna."

"Basi!" Akapiga kofi. "Hakuna kazi, hakuna kufukuzwa. Atashika nini pale? Mvuke?"

"Wanasema hata kazi ya kukubaliana kwa mdomo ni kazi."

"Nani kasema?"

"Mdogo wangu."

"Mdogo wako ni dereva," akasema, kama kwamba yeye ni jaji. "Sikiliza. Utasema aliacha mwenyewe. Mimba ilimchosha, akaona haiwezi kazi, akaacha. Wewe ukabaki na shuka za watu zimelundikana, ungefanyaje? Siku hiyo nani alikuwepo?"

"Binti yangu."

Akatabasamu mpaka magego yakaonekana. "Kwa hiyo una shahidi. Lala usingizi."

Nitalala vipi? Asubuhi ile ile bwana wa manunuzi wa hospitali alikuwa amenipigia simu. Habari zinatembea, jamani. Akaniambia kwa upole, na upole wa mtu wa manunuzi unatisha kuliko matusi: "Mama, nusu ya shuka tunazokuletea ni za wodi ya wazazi. Ikisikika umeshindwa kesi ya mfanyakazi mjamzito, sisi tutasema nini? Itabidi tutafute pengine."

Hospitali ndiyo inayokiweka kiwanda hai. Ikiondoka hospitali, mashine nazima, wafanyakazi wote nawaambia geuka, na mimi mwenyewe narudi kwenye beseni. Maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Nikaenda kwenye pasi.

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, anatafuna barafu. Hilo la kigoda lilikuwa linanikera siku nyingi. Kwangu hatukai. Ukikaa, shuka zinakusubiri, na zikikusubiri wewe, mimi nasubiri malipo ya hoteli.

"Siku hizi umekuwa mzito kama shuka lililolowa," nikamwambia.

"Ni joto, mama."

"Joto limeanza jana?"

Akainuka. Ni mtoto mwenye adabu. Aliolewa mwaka jana na mume anayefanya kazi mbali, ambaye salamu anatuma kila siku na msaada anatuma akikumbuka. Nyumba yao inakula kwa pasi yangu, na wote watatu tunalijua hilo.

"Unaikumbuka siku anti yako alipoondoka?" nikamuuliza.

"Naikumbuka."

"Unakumbuka aliposema amechoka, anaacha kazi?"

Akaitoa mikono kwenye shuka. "Anti alisema hivyo?"

"Alisema."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa macho. Yale macho yake hukuyaona? Yalisema kabisa."

Akaniangalia. Akaniangalia mpaka tukasikia harufu ya kuungua. Shuka la hospitali lilikuwa limekwama kwenye pasi, limepata doa la kahawia pana kama kiganja. Siku nyingine ningepiga kelele mpaka jirani atoke. Siku hiyo nikalikunja mwenyewe, doa ndani, nikaliweka pembeni.

"Kesho uje ofisi ya kazi useme hivyo tu," nikamwambia. "Usiposema, kiwanda hiki kwaheri. Na kiwanda kikienda, wewe unakwenda wapi?"

Akayameza mabaki ya barafu. "Nitakuja, mama. Kesho nitasema."

Nikafurahi! Mtu mzima, mwenye akili zangu, nikafurahi. Nikampigapiga begani nikamwambia nitamwongeza mshahara.

"Asante, bosi," akasema.

Nikadhani ananitania.

Ofisi ya kazi ina ukumbi mrefu wenye mabenchi pande zote mbili. Waajiri wanakaa upande wa dirisha, wafanyakazi upande wa ukuta. Hakuna aliyewapanga hivyo. Watu wanajipanga wenyewe, kama harusi ya koo mbili zisizopendana.

Wifi alikuwa upande wa ukuta na mtoto wake mapajani. Mdogo wangu kasimama pembeni, mikono mfukoni. Nikasalimia. Wifi akaitikia vizuri, "Salama, wifi," bila kununa. Mdogo wangu akaangalia dari.

Nikakaa upande wa dirisha na Muuza Sabuni wangu, aliyekuwa amevaa koti la suti ambalo kola yake mimi mwenyewe nilishashindwa kuing'arisha.

Mara karani akatokea mlangoni akaita mlalamikaji aje asaini, mumewe naye aje na kitambulisho chake. Wifi akainuka na mtoto. Mtoto akaanza kulia. Wifi akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Pale palikuwa na wanaume watupu na mama mmoja aliyesinzia. Akavuka ukumbi, akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu.

"Nishikie," akasema.

Akaniwekea mtoto mikononi, akaenda kusaini.

Wasomaji wangu, nilikuwa sijawahi kumwona yule mtoto. Mtoto wa mdogo wangu wa tumbo moja! Mimi ni shangazi yake. Alipozaliwa nilituma shuka jipya na salamu kwamba kazi zimenibana. Siku alipoletwa kiwandani alikuwa mgongoni, kafunikwa, na mimi nilikuwa na haraka ya kusema nafasi imejaa.

Akanyamaza mikononi mwangu papo hapo. Ana masikio ya baba yetu, yale yale yaliyosimama. Machozi yakanijia, nikayarudisha.

Nitawaambia jambo ambalo hata Muuza Sabuni sikumwambia. Niliposema namhurumia wifi kwa joto, nilikuwa naongopa. Wifi alikuwa anakaa. Kila baada ya shuka kadhaa, anakaa, anashika kiuno, anapumua. Mimi nikawa namwangalia anavyokaa na roho inanichemka. Hapakuwa na huruma pale. Palikuwa na hesabu ya shuka.

"Mrudishe huyo mtoto!" Muuza Sabuni akaninong'oneza. "Wakikuona watasema mmeshaelewana. Unaharibu kesi!"

"Analala."

"Akalalie kwao!"

Wifi akarudi, akamchukua. "Asante, wifi," akasema. Paja langu likabaki na joto la yule mtoto mpaka tulipoitwa.

Chumba cha usuluhishi kilikuwa kidogo, feni juu inalalamika, viti havifanani hata viwili. Msuluhishi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imemteremka puani. Nilipoinama kuvuta kiti nikaona chini ya meza amevua viatu.

"Hapa si mahakamani," akaanza. "Mimi simhukumu mtu. Nawasikiliza, nawasaidia mpatane. Mkipatana mnakwenda nyumbani kula. Msipopatana shauri linakwenda mbele, na huko mbele hawavui viatu. Tumeelewana?"

Tukasema ndiyo.

"Dada, anza wewe. Unataka nini?"

Mimi na Muuza Sabuni tulikuwa tumejiandaa kwa fidia. Tulikuwa tumeshapanga namna ya kulia umaskini.

"Nataka kazi yangu," wifi akasema. "Sitaki kingine. Kazi ile naijua, tuliianza pamoja. Aliponiambia nafasi imejaa niliumia kama nimefiwa."

Msuluhishi akanigeukia. "Mama?"

"Aliacha mwenyewe," nikasema.

Yakatoka laini, maana nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Mdogo wangu akageuza uso.

"Alikuandikia barua ya kuacha?"

"Sisi hatuandikiani barua. Sisi ni ndugu."

"Ndugu." Msuluhishi akaipandisha miwani. "Akichelewa kazini ulikuwa unamkata mshahara?"

"Nilikuwa namkata."

"Kindugu?"

Muuza Sabuni akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa, kama utaniruhusu, mteja wangu..."

"Wewe ni wakili?"

"Hapana. Mimi ni mdau."

"Mdau wa nini?"

Akakohoa. "Wa sabuni."

"Kaa, mdau wa sabuni."

Akakaa, na kifungo kikamtoka kikaanguka chini ya kiti.

"Dada, hiyo kazi iliondokaje mikononi mwako?"

"Aliniambia nikapumzike, ataniita," wifi akasema. "Halafu akaniambia geuka."

"Geuka ndiyo nini?"

Wifi akampa mumewe mtoto. Akasimama, akatupa mgongo sote. "Hivi. Ukishageuka anakufungua aproni. Pale kwake ukifunguliwa aproni umekwisha, hakuna asiyejua. Muulizeni yeyote, hata mwenye duka jirani atawaambia."

Akakaa. Msuluhishi akanigeukia tena.

"Ulimfungua aproni, mama?"

"Nilimfungua kwa sababu ilikuwa chafu," nikasema. "Nikaichukua ikafuliwe."

Feni ikalalamika.

"Sawa," akasema msuluhishi. "Na mpaka leo haijakauka?"

Mdogo wangu akaangua kicheko, akakibana. Wifi mwenyewe akauma mdomo. Kijasho chembamba kikanitambaa mgongoni, na mimi joto nimelizoea, mimi ninaishi kwenye mvuke.

Msuluhishi hakucheka. Akaweka kalamu chini.

"Mama, nikuambie kitu, kwa sababu nataka utoke hapa salama. Mimba si kosa la kazi. Ukiona kazi ni nzito kwa mjamzito, unampa nyepesi. Kule kwako hakuna kuhesabu shuka? Hakuna kukunja, hakuna kupokea wateja? Akienda kujifungua, nafasi yake inamngoja, na anayemshikia anaambiwa tangu siku ya kwanza kwamba anashikilia tu. Na hata kama mtu ana kosa kweli, unamwita, unamweleza kosa, unamsikiliza na yeye. Humwambii geuka. Mtu aliyegeuka anajiteteaje? Anaongea na ukuta."

Nikainamisha kichwa.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, halafu nitaandika utakachosema. Aliacha, au ulimwachisha?"

Hapo ningesema kweli, nanyi leo mngekuwa mnasoma hadithi ya mtu mwingine. Wifi alikuwa ananiangalia, hana hasira hata kidogo, anasubiri. Lakini sauti ya yule bwana wa manunuzi ikanijia masikioni: itabidi tutafute pengine.

"Aliacha," nikasema. "Na nina shahidi."

"Aingie."

Binti yangu akaingia.

Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Nywele zimefungwa kitambaa, uso unang'aa kwa mvuke. Na kifuani mpaka magotini, aproni ya turubai yenye mfuko wa uzi mwekundu.

"Ala!" Muuza Sabuni akaninong'oneza. "Hukumwambia avue?"

Nilisahau. Miaka yote naziangalia aproni mpaka sizioni tena.

Wifi akaiona. Akajishika mdomo.

"Hii ndiyo iliyokwenda kufuliwa?" msuluhishi akauliza. Akamgeukia binti yangu. "Karibu, binti. Siku mama huyu alipoondoka kazini, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Alisema anaacha kazi?"

Binti yangu akaniangalia. Nikampa jicho, lile la kumkumbusha mtoto mbele ya wageni. Tangu mdogo jicho hilo halijawahi kushindwa.

"Hapana," akasema. "Hakusema."

Muuza Sabuni akanikanyaga mguu.

"Mama ndiye aliyemwambia akapumzike. Anti alipotoka tu, mama akanifunga mimi aproni hii. Wakati ananifunga akaniambia maneno."

"Maneno gani?"

"Akasema, 'Hapa kwangu nataka mikono. Matumbo yakae nyumbani.'"

Sikumbuki kuyasema, haki ya Mungu. Lakini ni yangu. Hakuna mwingine duniani anayeongea hivyo.

"Wewe mtoto!" Nikasimama. "Nimekuzaa, nimekulea, nimekupa kazi, leo unaniumbua mbele za watu? Si ulisema jana utakuja kusema?"

"Nilisema nitasema, mama. Ndiyo nasema."

"Kwa nini hukuniambia jana ile ile kwamba hutaki?"

"Jana nilikuwa naongea na bosi." Sauti ikaanza kumtetemeka. "Miezi yote hii naongea na bosi. Nikija kazini namkuta bosi. Nikija nyumbani kwako nikasema leo nitamwambia mama, anafungua mlango bosi, anauliza shuka za hoteli zimekwisha?"

"Umwambie mama nini?"

Akashika aproni pande mbili, akaivuta nyuma ikabana. Ile turubai ni pana, inaficha mengi. Ilipobana, nikaona.

Kumbe kile kigoda. Kumbe ile barafu. Kumbe ule uzito niliokuwa naukemea kila asubuhi.

"Mungu wangu," nikasema. "Mume wako anajua?"

"Anajua."

"Nani mwingine?"

Akamwangalia wifi. Wifi akainamisha macho kwa mtoto wake.

"Anti anajua," akasema binti yangu. "Siku aliyokuja na mtoto alinikuta natapika nyuma ya tangi la maji. Nilimwomba asikuambie. Nilimwambia, akijua atanigeuza na mimi, na mume wangu bado hajasimama vizuri. Akaniambia nisiogope. Akanipangusa uso kwa kanga yake. Ndipo akaingia kwako, ukamwambia nafasi imejaa."

Nikakaa.

Fikirieni. Mtu namfukuza mara ya pili, na mkononi ana siri ambayo angeitamka tu mimi ningekwisha. Angesema, "Huyo uliyemweka naye ana tumbo, tuone utafanyaje." Hakusema. Akabeba mtoto wake akaondoka kimya, na mimi nikaona nimemshinda.

Na mjukuu wangu wa kwanza! Wifi anajua, mkwe anajua, hata pasi inajua. Mimi peke yangu nafichwa, kama wafanyakazi wanavyonificha shuka lililoungua. Nikalia. Nililia kwa sauti mbaya, mbele ya mdau wa sabuni na kila mtu.

Msuluhishi akanisogezea glasi ya maji.

"Mama," akasema, "bado hujachelewa. Mlalamikaji anataka kazi yake. Na huyu hapa ni mfanyakazi wako, naye ana haki zile zile. Tuongee utafanyaje."

"Sema binti amelemewa," Muuza Sabuni akaninong'oneza sikioni, tena kwa haraka. "Nafasi ni moja. Mwambie binti apumzike, kwa afya yake, arudi huyu mwingine. Kesi imekwisha, hospitali inabaki. Ni kwa huruma tu, mama!"

Alikuwa ananong'ona, lakini chumba ni kidogo. Wote walisikia.

Binti yangu akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. Akaja, hatua kwa hatua, mpaka pale nilipokaa. Akasimama mbele yangu. Halafu akanipa mgongo.

"Nimegeuka, mama," akasema. "Usipate shida ya kutafuta maneno. Nifungue, umpe mwenyewe aproni yake."

"Wifi!" Wifi akainuka, mtoto akashtuka akaanza kulia. Kwa mara ya kwanza tangu yaanze haya, alinipandishia sauti. "Ukimfungua huyo, mimi sirudi. Nasema kwa mdomo wangu na mume wangu anasikia. Ukimfungua huyo, sirudi, na wewe si wifi yangu tena!"

Mdogo wangu akasema, "Dada." Hilo tu.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka kusema, mwanangu, geuka huku nikuone. Lakini kuna shuka, kuna hospitali, kuna nafasi moja na wanawake wawili, na mbele ya macho yangu kulikuwa na fundo nililolifunga mimi mwenyewe.

Ndipo nikaona chumba chote kinaniangalia mkono. Na mimi nikauangalia.

Vidole vyangu vilikuwa vimeshashika kamba. Sikuvituma. Vilikwenda vyenyewe, kwa mazoea.

Msuluhishi akavua miwani.

"Mama," akasema polepole, "huo mkono unafanya nini hapo?"